Wosia: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kabla Hujazikwa

Familia nyingi hazivunjikii mahakamani. Zinavunjika kati ya mazishi na arobaini, turubai likiwa bado uani na wageni wa mkoani wakiwa bado wanalala sebuleni. Ndipo baba mdogo anapouliza hati iko wapi, wifi anapokagua kabati, na kijana mmoja anapoondoka na gari la marehemu eti anakwenda kulitunza. Jalada la mirathi likija kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, nusu ya mali imeshahama.

Nimefanya kazi ya mirathi miaka mingi, nimechoka kuona mambo yaleyale. Kwa hiyo sitakubembeleza. Haya yanahusu Tanzania Bara. Kenya na Zanzibar nitazigusa pale zinapokuhusu tu. Unajua kwamba utakufa, na unawajua ndugu zako kuliko ninavyowajua mimi. Andika kwa ajili ya zile siku arobaini.

FANYA: Andika ukiwa mzima

Andika ukiwa bado unakwenda kazini kwa miguu yako. Sheria inataka mwusia awe na akili timamu na awe ameamua kwa hiari yake. Wosia ulioandikwa wodini, mgonjwa ana mpira wa oksijeni puani na mtoto mmoja tu ndiye aliyekaa kando ya kitanda, ni rahisi mno kuupinga. Wakili wa upande wa pili ataomba kumbukumbu za hospitali, ataona dawa ulizochomwa saa ileile, na hapo ndugu zako wameanza kesi ya miaka.

Andika kwa wino. Weka tarehe. Tumia jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na kama hati ya nyumba ina jina jingine, sema kwamba ni wewe huyohuyo. Weka saini kila ukurasa. Kanuni za urithi za kimila zinakataza penseli kwa maneno kabisa, maana yake kuna watu walioandika kwa penseli.

USIFANYE: Usiache maneno hewani

Wosia wa mdomo upo kisheria, ila masharti yake huyajui. Kwa kanuni za kimila unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, wote wakiwepo mahali pamoja kwa wakati mmoja. "Baba aliniambia tukiwa wawili shambani" si wosia. Ujumbe wa sauti kwenye simu hauna mashahidi wanne. Tena wosia wa mdomo hauufuti ule ulioandikwa, kwa hiyo usidhani utabadilisha mambo kwa kunong'ona dakika ya mwisho.

Kwa wenye mali Kenya: huko wosia wa mdomo unataka mashahidi wawili, na mwusia afe ndani ya miezi 3. Ukipona, wosia wako umekwisha.

FANYA: Jua sheria itakayokugawia

Hapa ndipo watu wenye shahada mbili wanapogeuka watoto. Tanzania Bara haina sheria moja ya urithi. Ipo ya kimila, ipo ya Kiislamu, na kwa wengine, hasa Wakristo walioacha kuishi kimila, ipo Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Ndiyo, ya India. Ndiyo, 1865. Bado inatumika.

Ipi itakushika wewe? Mahakama hutazama namna ulivyoishi na ulichokusudia. Mwaka 1969, katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, Mahakama Kuu ilipima maisha aliyoishi marehemu, haikuishia kwenye kabila lake. Kwa hiyo usiwaachie watu kazi ya kubishana kama ulikuwa mtu wa mjini au mtu wa kijijini. Andika kwenye wosia: mimi ni wa dini hii, nilifunga ndoa ya namna hii, naishi hivi, nataka mirathi yangu iendeshwe kwa sheria hii. Mistari minne. Nimeona ndugu wakichomana miaka kwa kukosekana mistari hiyo minne, kwa sababu kila upande ulijua sheria ipi inaupa zaidi.

USIFANYE: Usidhani kukaa kimya ni kutenda haki

Ukinyamaza, na sheria ya kimila ndiyo inayokushika, kuna Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, lenye kanuni za urithi za kimila, linalokusemea. Lisome. Mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza yuko daraja la kwanza. Wana wengine wa kiume daraja la pili. Mabinti daraja la tatu. Na mjane? Kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo, mjane hana fungu. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Utaniambia hayo ni mambo ya zamani. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni hizo. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikalitupa shauri kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda mpaka Umoja wa Mataifa, kwenye Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Walipigana miaka kumi, wakashinda nje ya nchi. Mkeo hana miaka kumi wala nauli ya kufika huko. Ana wewe, na karatasi utakayoandika au usiyoandika.

Na usimwachie maneno ya "watoto watamtunza mama yao". Watoto wa nani? Wa kwako wa mke wa kwanza? Mwandikie nyumba ya kuishi, na uandike kama ni yake moja kwa moja au ni ya kukaa mpaka afe. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukiandika tu "mke wangu akae kwenye nyumba", umemwachia ugomvi na mwanao mkubwa.

FANYA: Mwislamu, tumia thuluthi yako

Wengi wanasema Mwislamu hahitaji wosia kwa kuwa mafungu yamekwishapangwa. Wamesikia nusu. Kweli, yakishatoka mazishi na madeni, kila mrithi ana fungu lake: mke mwenye watoto thumni, mume mwenye watoto robo, mtoto wa kiume mafungu mawili ya wa kike. Wake wawili, watatu au wanne wanagawana thumni hiyohiyo moja. Lakini una thuluthi ambayo unaweza kuiusia kwa asiye mrithi. Itumie.

Mtoto wako wa nje ya ndoa hakurithi kwa fiqhi, ingawa ana sura yako na jina lako. Thuluthi ndiyo mlango wake. Mkeo Mkristo hakurithi. Thuluthi. Mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa, na baba zake wadogo wapo hai? Thuluthi. Shangazi aliyekulea? Thuluthi.

Ukitaka mkeo apate zaidi ya thumni, usimwandikie kwenye wosia, maana yeye ni mrithi na wosia kwa mrithi unasubiri ridhaa ya warithi wenzake. Mpe hiba ungali hai. Na hiba ni kukabidhi: abadilishiwe jina kwenye hati, apokee kodi ya wapangaji yeye mwenyewe. Ukitamka kwamba umempa halafu ukaendelea kuishika hati na kukusanya kodi, hujatoa kitu. Mzee mmoja wa Temeke alimtangazia kila jirani kwamba ile nyumba ya uani ni ya bi mdogo. Alipokufa hati ilikuwa na jina lake, kodi ikiingia kwenye simu yake. Bi mdogo aliondoka na vyombo vyake.

FANYA: Chagua mashahidi kama unachagua wakwe

Kwa kanuni za kimila, mwusia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua, anahitaji wanne, na anaweka dole gumba. Kwa Sheria ya India ni wawili au zaidi. Waite pamoja, wakuone ukitia saini, nao watie saini palepale mbele yako. Hawahitaji kujua ulichoandika ndani. Wanashuhudia saini.

Chukua watu wenye afya, wenye anwani inayojulikana, na walio wadogo kwako kwa umri. Rafiki yako wa miaka themanini ni mtu mwema, ila utamkuta ahera kabla wosia haujafika mahakamani.

USIFANYE: Usimfanye mrithi kuwa shahidi

Mtoto mpole kuliko wote ndiye huitwa kutia saini, na ndiye anayeumia. Kwa Sheria ya India, ulichomwachia shahidi, au mume au mke wa shahidi, kinabatilika. Wosia unabaki, fungu lake linakufa. Kwa kimila, mrithi hashuhudii isipokuwa warithi wote wawepo. Mwite jirani. Mwite mwalimu wa shule ya jirani. Mwanao akapike chai.

FANYA: Orodhesha kila kitu, na karatasi yake

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usiandike "kiwanja changu cha Kigamboni apewe binti yangu" wakati Kigamboni una viwanja vitatu. Andika kitalu na namba. Kama hakijapimwa, taja mtaa, majirani wa pande nne na mwaka ulionunua. Sema una karatasi gani: hati miliki, barua ya toleo, leseni ya makazi, hati ya hakimiliki ya kimila, au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri serikali ya mtaa. Na karatasi yenyewe iko wapi.

Kisha endelea: akaunti, benki na tawi. Hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Vipande vya UTT AMIS. SACCOS, VICOBA. Salio la kwenye simu, na kwa mfanyabiashara hilo si dogo. Bodaboda mbili ulizowapa vijana kwa mkataba. Ng'ombe walio kwa shemeji. Fedha unazodai, nani, kiasi gani. Hili la mwisho watu hulisahau, na wadaiwa wako ndio watakaolia kwa sauti kubwa kuliko wote msibani.

Namba za siri usiziweke kwenye wosia. Wosia utasomwa na watu wengi.

USIFANYE: Usichanganye fomu na urithi

Jina uliloandika benki kama ndugu wa karibu si mrithi wa fedha hizo. Ni mtu wa kupigiwa simu. Nimewaona wadogo wa marehemu wakifika benki na nakala ya fomu kama wamebeba hukumu ya mahakama. Benki inataka barua ya usimamizi, basi.

Mafao ya NSSF na PSSSF nayo yana njia yake: hulipwa kwa wategemezi kwa mujibu wa sheria ya mfuko, si kwa utashi wa wosia wako. Kwa hiyo nenda karekebishe taarifa za familia ulizojaza siku ya kwanza kazini, ukiwa hujaoa na unaishi kwa kaka. Mtoto ambaye mfuko haumjui atatumia miezi kuthibitisha kwamba ni wako.

USIFANYE: Usigawe kisicho chako

Nyumba mliyojenga na mkeo si yako peke yako kwa sababu tu hati ina jina lako. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Mahakama ya Rufani tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishasema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, lakini hoja yake huibuka kila mirathi. Usia sehemu yako.

Afadhali zaidi: maliza jambo kwenye hati ungali hai. Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua umiliki wa wawili wa namna mbili. Wa kwanza, mmoja akifa yote inabaki kwa aliye hai. Wa pili, kila mmoja ana hisa yake, na hisa ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Siku mnajaza fomu Ardhi, ulizeni mnajaza ipi. Wanandoa wengi hutia saini bila kuuliza, kisha hugundua tofauti mmoja wao akiwa kaburini.

Na wewe uliyeko Muscat au London, unayetuma fedha za kujenga Mbezi kwa jina la kaka yako: hiyo nyumba ni ya kaka yako. Huwezi kuiusia. Akifa yeye kwanza, watoto wake watairithi, na risiti zako za kutuma fedha ndizo utakazokwenda nazo kortini. Badilisha jina mwaka huu.

Shamba la ukoo nalo liseme wazi. Kihamba ulichoachiwa na baba yako kina watu wengi nyuma yake, na wao hawakusaini wosia wako. Lakini usije ukatumia neno "ukoo" kumnyima binti. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Ephrahim na Holaria Pastory, aliikataa mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la ukoo alilorithishwa na baba yake.

FANYA: Wataje watoto wote, na wake wote

Wote. Yule wa Morogoro ambaye mkeo hamjui, naye. Utakapokufa atakuja, ameshikwa mkono na mama yake, na kila mtu atamtazama usoni na kukuona wewe. Ni afadhali mkeo alie leo ukiwa hai kuliko aanguke mbele ya jeneza na waombolezaji wakipiga picha. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake. Ukimficha, hujamwondoa kwenye mirathi. Umeongeza kesi ya kuthibitisha ubaba, na wewe hupo wa kutoa damu.

Andika majina yao kamili, tarehe za kuzaliwa, jina la mama wa kila mmoja. Vyeti vya kuzaliwa ambavyo havijachukuliwa, kachukue.

Na hali ya ndoa zako iweke sawa. Mliotengana miaka kumi bila amri ya mahakama ya talaka bado ni mume na mke. Huyo wa zamani ndiye atakayekuja na cheti. Huyo wa sasa uliyekaa naye miaka 2 au zaidi mkijulikana kama mke na mume, sheria inamwekea dhana ya ndoa, ila dhana hupingwa, na itapingwa na mwenye cheti. Umewaacha wanawake wawili wapigane juu ya uvivu wako. Aliye chini ya Sheria ya India, au aliye Kenya, ajue pia kwamba kufunga ndoa mpya huufuta wosia wa zamani. Ukioa au ukiolewa, andika upya.

USIFANYE: Usimnyime mtoto kwa hasira

Kwa kimila, kumnyima mrithi fungu kunataka sababu iliyotajwa kwenye wosia, nazo ni nzito: kuzini na mke wa mwusia, kujaribu kumuua au kumdhuru, kumtelekeza akiwa mgonjwa au mwenye njaa bila sababu ya haki. Kuolewa na mwanamume usiyempenda haimo. Kubadili dini haimo. Kutokupigia simu haimo. Wosia wenye matusi huwa na maisha mafupi mahakamani, na mtoto uliyemtukana humo atausikia ukisomwa mbele ya wadogo zake.

FANYA: Teua msimamizi kwa tabia

Msimamizi wa mirathi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa, na kurudisha hesabu. Hana zaidi. Chagua anayeweza kuandika hesabu na asiye na madeni yake mwenyewe. Muulize kwanza kama anakubali. Weka wa pili wa akiba. Ukiweza, weka wawili wafanye kazi pamoja, mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wa mwenzio. Watachelewa kidogo, lakini watachungana.

USIFANYE: Usimpe kwa sababu ni mkubwa

Kaka mkubwa, baba mdogo, mwenye gari, mwenye sauti: hizi si sifa. Ninalolijua la kawaida kuliko yote ni hili. Kikao cha ukoo kinamteua mkubwa, anapata barua mahakamani, anaandikwa kwenye hati kama msimamizi, kisha anauza. Mnunuzi ana karatasi, msimamizi ana fedha, watoto wa marehemu wana notisi ya kuhama. Jina la msimamizi kwenye hati linamtambulisha kama mtumishi wa mirathi. Halimfanyi mwenye nyumba. Liandike hilo kwenye wosia: nyumba fulani isiuzwe bila saini ya warithi wote wazima.

FANYA: Wawekee watoto wadogo amana

Mtoto wa miaka 9 hawezi kushika nyumba. Mtu ataishika kwa niaba yake, na huyo mtu atakuwa na watoto wake wanaotaka ada. Kwa hiyo funga mambo kwa maandishi. Mfano wa mtu mwenye fremu nne za maduka Sinza: fremu zishikwe na wadhamini wawili kwa majina yao. Kodi iingie kwenye akaunti ya amana yenye saini mbili. Kwanza ilipe ada na matibabu ya watoto, pili matengenezo, tatu matumizi ya nyumbani kwa kiasi kilichotajwa. Hesabu ipelekwe kila Januari kwa shangazi yao. Mtoto wa mwisho akifika miaka 25, fremu zigawanywe kwa watoto sawasawa. Mdhamini mmoja akifa au akishindwa, fulani aingie. Ukurasa mmoja unatosha.

Kenya iliweka amana za kifamilia kwenye sheria yake ya wadhamini mwaka 2021, na tangu hapo wapo wanaowauzia watu hati zilizochapwa tayari. Hati tupu ni karatasi. Amana inafanya kazi pale mali inapohamishwa jina kwenda kwa wadhamini. Mtu aliyesaini hati nzuri ya amana na kuacha viwanja vyote kwa jina lake ameacha viwanja vyake kwenye mirathi kama jirani yake asiyesaini chochote.

Mwislamu anayetaka mali isiuzwe wala isirithiwe, njia yake ni wakfu. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Waone kabla hujaandika.

USIFANYE: Usimpe mtu mmoja mtoto na mkoba

Mlezi awe mwenye upendo. Mshika fedha awe mwenye hesabu. Mara chache ni mtu mmoja. Mama mdogo anayempenda mtoto kama wake anaweza kabisa kuimaliza kodi ya miaka miwili kwenye harusi ya mtu mwingine, bila nia mbaya hata chembe.

FANYA: Taja madeni

Madeni hulipwa kabla ya urithi. Yaandike, pamoja na yale uliyomdhamini mtu SACCOS. Na uandike mikopo yako yenye bima: mikopo mingi ya benki ina bima inayolipa salio mkopaji akifa. Wajane huendelea kulipa marejesho kwa hofu ya kupigwa mnada, na hakuna mtu benki anayewakimbilia kuwaambia.

USIFANYE: Usiufiche wosia

RITA hupokea na kuhifadhi wosia. Wakili anahifadhi. Benki na baadhi ya taasisi za dini zinahifadhi. Chini ya godoro si hifadhi. Godoro huwa la kwanza kutolewa nje siku ya msiba. Sanduku la benki ambalo halifunguliwi bila barua ya mahakama nalo ni kichekesho, ukiweka humo ile karatasi inayohitajika kuombea barua. Waambie watu wawili wasiopatana sana kwamba wosia upo na uko wapi. Yaliyomo, baki nayo.

KWA WALIOBAKI

Fanya haya. Chukueni cheti cha kifo RITA mapema. Bila hicho hakuna ofisi itakayowasikiliza. Kusanyeni hati na kadi za magari, mwandike orodha mbele ya watu, mweke sehemu moja. Fungueni mirathi. Mkihofia nyumba kuuzwa, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati. Kikao cha ukoo kifanyeni, mwandike muhtasari, mahakama itauuliza. Lakini kikao kinapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama.

Usifanye haya. Usitoe fedha kwa kadi ya marehemu, hata za chakula cha msiba: utadaiwa kila shilingi, na taarifa ya benki inaonyesha saa uliyotoa. Usiuze hata jiko. Usimhamishe mjane. Na wewe mjane, usitie saini karatasi yoyote uliyoletewa ukiwa eda au ukiwa kwenye mkeka wa matanga, hata kama aliyeileta ni baba mkwe na analia. Mwambie, shikamoo baba, niachie niisome na wakili. Kama ni njema, itakuwa njema wiki ijayo pia.

Msimamizi akishapata barua, saa inaanza kuhesabu. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 kurudisha taarifa ya mali na madeni. Aliyeteuliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi (Sura ya 352) ana miezi 6 ya kuleta orodha ya mali na mwaka 1 wa kuleta hesabu. Akipitisha muda bila kuongezewa, msimfuate nyumbani kwake kugombana. Nendeni na namba ya shauri kwenye mahakama ileile iliyompa barua, mwombe aitwe aeleze. Ilimpa, na inaweza kumnyang'anya.